Kuchoma Si Kuhifadhi

Kitenzi "kuchoma" kimebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Tunachoma mahindi na nyama, tunachoma vyungu na matofali, mwiba hutuchoma mguuni, muuguzi hutuchoma sindano, na maneno makali hutuchoma moyoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiliongezewa mzigo mwingine: watu wa mjini walianza kuchoma CD. Wapo waliosema "kubani", lakini "kuchoma" ndiko kulikoshika, na hata bibi asiyejua kompyuta inawashwaje aliweza kumwambia mjukuu wake, "Nichomee ile kasida."

Katika maana hizo zote, iliyo karibu zaidi na jambo ninalotaka kulizungumza ni ile ya mfinyanzi. Nyama huchomwa iliwe leo. Chungu huchomwa kidumu. Lakini mfinyanzi hamalizi kazi yake motoni. Chungu kikishapoa hukigonga kwa kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu, nacho huwekwa kando kabla hakijamfikia mnunuzi. Kwenye CD hatua hiyo ya kugonga ilikuwapo pia, ila wengi wetu tuliiruka. Tulichoma mengi na kugonga machache, na hasara yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana makabatini mwetu.

Tuanze na kitu chenyewe. CD ililetwa sokoni mwaka 1982 na kampuni mbili zilizoshirikiana kuibuni, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Ile ya kiwandani haichomwi. Hupigwa chapa kama sarafu. Vishimo vidogo mno hujipanga katika mstari mmoja uliojizungusha kama mkeka wa ukindu unavyoanza kusukwa katikati kuelekea pembeni. Mstari huo ni mwembamba kiasi kwamba upana wa milimita moja hubeba mizunguko zaidi ya 600, na ukiunyoosha wote unapata zaidi ya kilomita 5. Mwali wa leza huupitia, ukisoma palipo na kishimo na pasipo nacho. Kwa miaka kadhaa mtu wa kawaida alikuwa msikilizaji tu, kwani kuandika juu ya CD kulikuwa kazi ya kiwanda.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1988, pale kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ilipotangaza CD tupu inayoweza kuandikwa mara moja. Mbinu yake ilikuwa kuweka tabaka jembamba la rangi chini ya utando unaong'aa. Leza yenye nguvu ndogo hupita bila kuidhuru rangi hiyo. Ikiongezewa nguvu huiunguza kidogo na kuacha alama, nayo mashine ya kusomea huiona alama kana kwamba ni kishimo. Hapo ndipo neno letu linapostahili kabisa, maana kweli kuna kitu kinachoungua. Mwaka 1990 kanuni za diski hizo zilichapishwa katika kitabu kilichopewa jina la rangi ya jalada lake, rangi ya chungwa. Mashine za kwanza za kuchomea ziliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na waliozinunua walikuwa makampuni makubwa. Mwaka 1995 Hewlett-Packard ilitoa mashine iliyouzwa chini ya dola 1,000, na tangu hapo bei ikaendelea kuteremka mpaka uchomaji ukaingia sebuleni.

Ulipoingia sebuleni, uliingia na matatizo yake. La kwanza na kubwa kuliko yote lilitokana na jambo moja: leza ikishaanza kuandika, haikuweza kusimama. Diski ilizunguka, mstari ukasonga mbele, na data ilitakiwa ifike kwa mfululizo, bila kukatika, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa mwendo wa kawaida wa CD, data inayotakiwa ni kilobaiti 150 kila sekunde. Kwa mwendo wa mara nne ni kilobaiti 600. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1990 hazikuweza kuahidi mfululizo huo, kwa kuwa zilikuwa zikifanya mambo mengi kwa kupokezana. Kwa hiyo waundaji waliweka ndani ya mashine hifadhi ndogo ya muda, ambayo mafundi huiita bafa.

Msomaji na aifikirie bafa kuwa ni mtungi uliowekwa kati ya mchota maji na mmwagiliaji. Mchota maji huenda na kurudi kisimani, wakati mwingine akichelewa. Mmwagiliaji hamwagi kutoka kisimani bali kutoka mtungini, na maadamu mtungi haujakauka, bustani haijui kwamba mchota maji alisimama njiani kuzungumza. Lakini mtungi wa mashine hizo ulikuwa mdogo. Bafa ya megabaiti moja, kwa mwendo wa mara nne, huisha kwa muda usiofika sekunde mbili. Kompyuta ikishughulika na jambo jingine kwa sekunde hizo mbili tu, mtungi ulikauka, leza ikakosa la kuandika, na diski nzima ikaharibika. Hakukuwa na kurudi nyuma wala kuendelea mbele. Saa nzima ya kazi na diski iliyonunuliwa kwa fedha ya kuhesabu viliishia kuwa kioo cha kufukuzia ndege bustanini, au pambo la kuning'inia mbele ya dereva wa daladala.

Kutokana na hofu hiyo kulizuka mila nzima ya uchomaji. Programu zote zilifungwa. Programu ya kukinga virusi ilizimwa, na mapambo yanayojitokeza kwenye kioo pale kompyuta inapoachwa yalizimwa pia. Kipanya hakikuguswa, watoto walikatazwa kukimbia karibu na meza, na mwenye kompyuta alikaa akitazama mstari wa maendeleo ukisogea kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Wageni walidhani ni ushirikina. Kwa kweli sehemu kubwa ya mila hiyo ilikuwa na sababu zake: kila kilichofungwa kilikuwa ni kazi moja pungufu ya kumchelewesha mchota maji.

Jambo linalonivutia katika kipindi hicho ni mahali tulipoelekeza lawama. Diski ikiharibika, aliyelaumiwa kwanza alikuwa muuza diski. "Ameniuzia mbovu." Kweli diski mbovu zilikuwapo, tena nyingi. Lakini diski ni ya mwisho tu katika msafara mrefu. Data hutoka kwenye diski ngumu iliyo ndani ya kompyuta, ikapita kwenye waya, ikapokewa na kumbukumbu, ikaongozwa na programu, ikaingia kwenye mashine ya kuchomea, na hatimaye ikafika kwenye ile rangi. Kosa likitokea popote katika msafara huo, huonekana mwishoni, kwenye diski, kwa kuwa hapo ndipo panapoonekana. Ni sawa na kumlaumu mtoto aliyeleta barua kwa habari zilizomo ndani yake. Fundi aliyeijua kazi yake hakuanza na lawama. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akajaribu, akaandika alichokiona: diski ileile kwenye mashine nyingine, kisha mashine ileile kwa waya mwingine, kisha waya uleule kwa mwendo wa pole. Mtu anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo anaweza kupona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi atakuwa mgeni kwao upya.

Dawa ya mtungi mkavu ilipatikana mwaka 2000 huko Japani. Kampuni ya Sanyo ilitoa mbinu iliyoitwa BURN-Proof, na kampuni nyingine zikafuata na mbinu za namna hiyo. Wahandisi wengine walikuwa wamehangaika kuukuza mtungi. Sanyo waliuliza swali tofauti: kwa nini mmwagiliaji asiruhusiwe kusimama? Mashine yao iliutazama mtungi, na ulipokaribia kukauka ilisimamisha leza kwa adabu, ikakumbuka mahali hasa ilipoachia, ikangoja mtungi ujae, kisha ikarudi na kuunganisha maandishi mapya na ya zamani kwa pengo dogo mno, ambalo msomaji wa diski hulivuka bila shida. Ugonjwa uliokuwa umeharibu diski zisizo na idadi ukatoweka katika muda mfupi. Kipanya kikaguswa tena, na watoto wakaruhusiwa kukimbia.

Hata hivyo mbinu hiyo ilidhani kwamba umeme upo. Nchini Kenya mwaka 2000 ukame ulileta mgao mkali wa umeme, na Tanzania ikapatwa na mgao wake mwaka 2006 baada ya maji ya mabwawa kupungua. Umeme ukikatika, mashine haina muda wa kukumbuka ilipoachia. Kwa hiyo katika vibanda vya kuchomea CD vya miji yetu, mtambo wa betri wa kushikilia umeme kwa dakika chache ulikuwa na thamani kuliko kila kilichobuniwa Japani, na asiyekuwa nao alichoma usiku wa manane, au alingoja zamu ya mtaa wake ipite.

Tatizo la pili lilikuwa la siri zaidi, kwa sababu halikuwa na umbo la kushikika. Kila kifaa kinachounganishwa na kompyuta huhitaji programu ndogo ya kukifasiria maagizo, na mafundi wetu huiita draiva. Jina hilo ni ndugu wa neno letu la siku nyingi, dereva, nalo linafaa: gari zima bila dereva halitoki uwanjani. Katika miaka ya 1990 kila mtengenezaji wa mashine alikuwa na lahaja yake, na programu za kuchomea zilikuja na orodha ya mashine zinazoelewana nazo. Mashine isiyokuwa kwenye orodha ilikuwa kama haipo. Kampuni ya Adaptec ya Marekani ilikuwa imebuni lugha ya kati iliyojulikana kama ASPI, na programu nyingi zilitegemea lugha hiyo. Kisha zikaja Windows 2000 na Windows XP, ambazo hazikuja nayo. Watu walioweka upya programu zao za zamani waliambiwa kwamba hakuna mashine ya kuchomea iliyopatikana, hali mashine ilikuwa mbele ya macho yao, taa yake ikiwaka.

Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuja na uwezo wake yenyewe wa kuchoma CD, na watu wengi walidhani mambo yamekwisha. Badala yake ulizuka ugonjwa mpya uliowasumbua wengi kwa miaka. Mtu aliondoa programu ya kuchomea aliyoichoka, akawasha kompyuta asubuhi, akakuta mashine ya CD imetoweka kabisa. Si kwamba ilikataa kuchoma. Haikuonekana hata kwa kusoma. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na alama ya mshangao ya rangi ya manjano na kosa lenye namba, aghalabu 39 au 31. Wengi walikwenda dukani kununua mashine mpya, wakaifunga, nayo ikatoweka vilevile.

Sababu yake ataielewa haraka mtu yeyote aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi kubwa. Programu za kuchomea zilikuwa na desturi ya kujiweka katikati ya njia, kama karani ambaye kila faili lazima lipite mezani kwake kabla ya kwenda mbele. Majina ya makarani hao yaliandikwa katika daftari kuu la Windows, katika mistari miwili iitwayo UpperFilters na LowerFilters. Programu ilipoondolewa vibaya, karani aliondoka lakini jina lake lilibaki daftarini. Faili lilipofika, mfumo ulisoma daftari: lazima karani fulani atie saini. Karani hayupo. Basi faili halipiti. Dawa ilikuwa kulifungua daftari, kufuta mistari hiyo miwili mahali pake panapohusika, na kuwasha kompyuta upya. Mashine ilirudi kana kwamba haijapata kuumwa. Waliofutiwa mistari hiyo baada ya kwisha kununua mashine mbili walicheka kicheko kisicho na furaha.

Windows XP ilikuwa na desturi nyingine iliyofanana na hiyo. Ilihesabu makosa ya mawasiliano kati ya kompyuta na kila kifaa, na makosa yakifika 6 ilikishusha daraja kifaa hicho, hatua kwa hatua, mpaka kwenye njia ya zamani ambamo ubongo wa kompyuta wenyewe hubeba kila kipande cha data mkono kwa mkono. Makosa hayo sita yangeweza kuletwa na diski moja tu iliyochubuka, ambayo ilikwisha tupwa zamani. Lakini hukumu ilibaki. Kompyuta iliyokuwa ikichoma kwa dakika 5 sasa ilisuasua na kukwama, na mwenyewe akasema imezeeka. Haikuzeeka, ilikuwa ikitumikia kifungo cha kosa la mwingine. Ilitosha kuiondoa njia ile kwenye orodha ya vifaa na kuwasha upya, nayo Windows ikaijenga tena bila kumbukumbu ya makosa ya zamani.

Tatizo la tatu liko kwenye ile rangi yenyewe. Kabla ya kuandika chochote, mashine hujaribu nguvu ya leza mahali padogo palipotengwa karibu na katikati ya diski, kama mpishi anavyoonja chumvi. Diski tupu huwa na utambulisho uliofichwa katika mfereji wake: nani aliyeitengeneza na nguvu gani inaifaa. Mashine huulinganisha na orodha iliyonayo. Diski isiyojulikana hulazimisha mashine kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko kulikozaa CD zinazosomeka kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine. Hapo kupunguza mwendo mara nyingi kulisaidia, na kuiwekea mashine programu mpya ya ndani kuliiongezea majina kwenye orodha. Lakini diski dhaifu haikugeuka kuwa imara kwa sababu imechomwa taratibu.

Haya matatu, yaani mtungi, dereva na rangi, yana jambo moja linaloyaunganisha. Katika kila moja, ujumbe uliojitokeza kwenye kioo na hali halisi vilikuwa vitu viwili. "Hakuna mashine" ilimaanisha karani kahama. "Diski mbovu" ilimaanisha mtungi umekauka. Na ujumbe wa hatari kuliko yote haukuwa wa kosa. Ulikuwa ni ule wa furaha: "Uchomaji umekamilika." Ujumbe huo ulimaanisha tu kwamba leza imemaliza kutoa maandishi. Haukusema kwamba maandishi yanasomeka. Ili kulijua hilo, mashine ilipaswa kuisoma diski yote upya na kuilinganisha na asili. Programu zote nzuri zilikuwa na kisanduku cha kuagiza kazi hiyo, lakini ilichukua dakika kadhaa zaidi, na kwenye kibanda chenye foleni dakika hizo ni fedha. Kisanduku kikaachwa wazi.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu alikuwa na kanda mbili za kaseti ambamo baba yake, yaani babu yangu, alisimulia asili ya ukoo: nani alitoka wapi, nani alimwoa nani, kwa nini shamba la minazi liligawanywa vile. Mwaka 2004 alizipeleka kwenye duka moja mjini zihamishiwe kwenye CD. Aliletewa diski moja, ikapigwa pale dukani, sauti ya mzee ikasikika, akalipa. Kaseti akazigawa, maana alikwisha pata kitu bora. Moja ikarekodiwa taarabu ndani ya wiki. Alipofika nyumbani redio yake ilimwambia hakuna diski. Siku tatu nyumba ilikuwa kama ina msiba. Kijana fundi wa mtaani ndiye aliyegundua: duka halikuifunga diski. Uchomaji una hatua ya mwisho ambamo mashine huandika mwanzoni mwa diski orodha ya yaliyomo; mashine ya kuchomea huweza kusoma hata bila orodha hiyo, lakini redio ya nyumbani haiwezi. Kijana aliifunga diski kwa dakika mbili, na mzee akasema tena.

Nyumba nzima ilishukuru, na hapo pangekuwa mwisho mwema. Lakini diski iliwekwa dirishani juu ya redio, ndani ya kasha linaloonyesha, na jua la alasiri liliipata kila siku. Mwaka 2016 binamu yangu alitaka kuinakili. Sehemu kubwa ilisomeka. Dakika za mwisho, zile za shamba la minazi, hazikusomeka kwenye mashine yoyote kati ya nne zilizojaribiwa. Hakuna aliye hai anayezijua habari zile kama alivyozijua yeye.

Kwa nini hakuna aliyeona dalili mapema? Hapa kuna jambo la ajabu. CD imejengwa juu ya hesabu iliyochapishwa mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, inayoiwezesha mashine kurudisha data iliyopotea kwa kutumia data ya ziada iliyotawanywa pembeni. Kwa msaada wa hesabu hiyo, mkwaruzo unaofunika mstari kwa milimita 2 na zaidi huweza kusahihishwa kikamilifu, nawe usisikie lolote. Zaidi ya hapo, redio hubuni sauti ya kuziba pengo dogo. Ni neema kubwa, lakini ni neema inayoficha maradhi. Kanda ya kaseti ikizeeka hukuambia: sauti hufifia, mvumo huongezeka, miaka mingi kabla ya kufa. Diski huimba kwa sauti ileile safi huku rangi yake ikipauka, na hesabu ikifanya kazi zaidi na zaidi kimyakimya, mpaka siku ambayo makosa yanazidi uwezo. Siku hiyo haipungui sauti, inanyamaza.

Ushauri wa kuziweka ulikuwapo. Mwaka 2003 taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa utunzaji wa CD na DVD, wenye mambo ambayo mtu yeyote angeweza kuyafuata: diski isimame wima ndani ya kasha, mahali pa baridi na pakavu, mbali na jua, isibandikwe karatasi yenye gundi, iandikwe kwa kalamu ya wino wa maji, ishikwe ukingoni. Watu wengi huuogopea upande unaong'aa na kuukwaruza ovyo upande wa jina, ilhali mambo ni kinyume. Upande wa kusomea una plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja, na mkwaruzo wa juujuu juu yake huweza kusuguliwa. Upande wa jina una varnishi nyembamba tu, na chini yake mara moja ndiko uliko utando na ile rangi. Mkwaruzo wa huko hubeba maandishi yenyewe.

Taiyo Yuden, kampuni iliyoufungua mlango mwaka 1988, iliacha kutengeneza diski hizo mwaka 2015. Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa sasa hazina mahali pa kuingizia CD. Mashine za nje za kuunganisha kwa waya bado zinapatikana, na zitaendelea kupatikana kwa muda, lakini fundi anayejua maana ya UpperFilters amekwisha kuwa mzee wa historia. Sisemi haya kwa kuilaumu CD. Ilifanya kazi kubwa, na kwa mara ya kwanza ilimpa mtu wa kawaida uwezo uliokuwa wa kiwanda. Tulichokosa ni kuitofautisha kazi ya kuandika na kazi ya kutunza. Kuandika kunaweza kuachiwa mashine, na hukamilika siku moja. Kutunza kunataka mtu arudi kila baada ya miaka michache, asome, alinganishe, anakili, kisha anakili tena. Anayehamishia kila kitu kwenye simu au kwenye hifadhi ya intaneti leo, akaona ujumbe kwamba kazi imekamilika, akafuta asili, anarudia historia ileile kwa chombo kipya.

Basi, msomaji, kama katika kabati lako kuna kasha la CD za miaka ile, usingoje sikukuu. Tafuta mashine ya kusomea, hata ya kuazima. Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, usizungushe. Ikikataa kwenye mashine moja, ijaribu kwenye nyingine kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa mashine hutofautiana macho kama watu. Kilichosomeka kiweke mahali pawili au patatu, kisha kifungue na ukisikilize mpaka mwisho, si dakika ya kwanza tu. Na kama huna muda wa zote, usianze na muziki, kwa sababu muziki una nakala duniani. Anza na ile iliyoandikwa kwa mkono jina la mtu ambaye hayupo tena.